Twiga Alipita, Ng'onda Ikazuiwa

Mgeni wa Kichina akishikishwa kipaza sauti Malindi, hata kama amekuja kufungua kisima, ataanza na twiga. Simlaumu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika China na twiga mzima, na mfalme Yongle mwenyewe akatoka hadi lango la kasri kumpokea, kwa kuwa wakuu wake walishamwambia kuwa huyo ndiye mnyama wa baraka wa hadithi zao, asiyeonekana ila zama za mtawala mwadilifu. Viongozi wetu nao hujibu kwa twiga yuyo huyo. Vasco da Gama alipita 1498, tukabaki na nguzo yake ufukweni. Mchina alipokea twiga, tukabaki na hotuba.

Kinachonikera ni kwamba hakuna anayetaja vyombo. Nenda Mambrui ukatazame kaburi la nguzo: waliolijenga walilipamba kwa mabakuli ya Kichina. Nenda Gedi, ambako mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba 1948: vigae vya Kichina vilitoka ardhini tele. Mwaka 2010 wachimbaji wa Chuo Kikuu cha Peking na Makumbusho ya Taifa ya Kenya wakaokota Mambrui sarafu ya enzi ya Yongle, magazeti yakajaa. Sarafu moja! Na mabakuli yale yote je? Waliokuwa wakiyaagiza hawakuwa na shida ya twiga. Walikuwa na harusi mbele yao.

Shangazi yangu ni mrithi wao wa haki. Anakodisha vyombo Malindi: sahani, sinia, sufuria za pilau, birika. Harusi, hitima, maulidi, hata mikutano ya kampeni. Na kila msimu vyombo hurudi pungufu, kwani Waswahili tunaogopa kuiba pesa lakini sahani tunaihesabu kuwa ukumbusho. Basi akasikia kwa wafanyabiashara wa Mombasa kwamba karibu na mji wa bandari uitwao Xiamen, kusini mwa China, kuna mji wa milimani uitwao Dehua unaofinyanga kauri nyeupe tangu enzi na enzi. Akaapa kuwa madalali wamemla vya kutosha. Mimi nikateuliwa kuwa mkalimani, sifa yangu kubwa ikiwa ni simu yenye programu ya kutafsiri.

Shangazi hajui kwenda kwa watu mikono mitupu, hata kama watu wenyewe hawajui. Mkobani alitia mabuyu mekundu, achari ya maembe, ubani, na ng'onda ya papa iliyozungushiwa magazeti na leso kuukuu. Kutoka Nairobi hadi Guangzhou abiria wa viti vya mbele waligeuka mmoja mmoja kutazama viatu vyangu.

Tuliposhuka, kijibwa cha masikio marefu kilikuja kikaketi mbele ya mkoba wetu kwa adabu, kama mtoto wa chuoni anayesubiri kusikilizwa sura yake. Shangazi akaruka nyuma kulinda udhu. Afisa akaichomoa ng'onda kwa vidole viwili, akaiinua kwenye mwanga, akaishusha.

"Mwambie sisi ndio tulioleta twiga," shangazi akaniamuru.

Nikaandika kwenye simu. Afisa akasoma, akanitazama, akautazama mkoba, kisha akamwita mwenzake. Mkoba ukafunguliwa upya kuanzia chini, mifuko ya pembeni ikapekuliwa, na suruali yangu moja ikakunjuliwa yote. Walikuwa wanamtafuta twiga. Mabuyu yakaenda, achari ikaenda, ng'onda ikaenda ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mara mbili. Tukatia sahihi karatasi. Ubani peke yake ndio uliosalimika, pengine walidhani ni mawe.

Gari moshi la kasi lilitufikisha Xiamen, na hapo shangazi akakasirika kwa namna mpya. Joto la jasho lile lile. Boganvilia ukutani, ndilo ua la mji. Mkrismasi wenye maua mekundu barabarani, mti ambao asili yake ni Madagaska, jirani zetu, nao Xiamen wameuchagua kuwa mti wao. Na ndege wa mji? Yangeyange! Wale wale wanaorandaranda Mida na mdomo wa Sabaki.

"Pesa zote hizi," akasema, "tumekuja Kilifi."

Kilifi yenye maghorofa yanayokatiza mawingu, lakini hoja yake niliielewa. Tofauti ilijitokeza kwenye kulipa. Sisi Wakenya tuna majivuno yetu. Tumekuwa tukitumiana pesa kwa simu tangu 2007, na tunapokwenda ng'ambo huwahurumia watu wanaobeba pochi. Xiamen muuza matunda alitunyooshea karatasi yenye mchoro wa miraba tuupige kwa simu. Laini yangu ilikuwa imekufa tangu uwanja wa ndege. Shangazi akafungua fundo la pindo la leso, akatoa noti ya yuan 100, takriban shilingi 1,800, joto bado liko ndani yake. Bibi yule aliipindua, akamwita jirani aitazame, akatafuta chenji mpaka kwa muuza viatu. Zilizopungua akatufidia kwa ndizi. Shangazi alitulia kwa mara ya kwanza tangu tutoke Malindi, kwani kwetu duka lisilo na chenji hukupa peremende. Ndizi ni maendeleo.

Maji nayo yalitushinda. Mgahawani, mtu unatiririka jasho, unaletewa glasi ya maji ya moto. Si chai, maji tu, ya moto, na watu wazima wanayanywa kwa raha. Shangazi alidhani ni ya kunawia, akanawa. Tukaletewa mengine.

Chakula tulikipata kwenye vibanda vya tambi za nyama ya ng'ombe vya Waislamu wa kaskazini-magharibi, ambako salamu ya Kiislamu inatosha kuwa menyu. Lakini siku moja shangazi alitamani kitu baridi, akaona sokoni vikombe vidogo vya jeli inayong'aa. Nikahakikisha kwa simu kwamba ni kitu cha baharini, halali, bismillahi. Kijiko kilikuwa njiani kuelekea mdomoni alipoona ndani ya jeli vitu virefu vya kijivu vimejikunja. Ni minyoo ya matopeni pwani, na watu wa Xiamen wanaipenda kwelikweli. Akakirudisha kijiko polepole.

"Mwanangu, Takaungu hii wanatia kwenye ndoana."

Siku ya mapumziko tukaenda Gulangyu, kisiwa kilicho mbele ya mji, kilichoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO 2017. Hakina magari wala baiskeli za kupita vichochoroni. Kina majumba ya zamani ya balozi ndogo za kigeni na jumba la makumbusho ya piano. Mizigo inasukumwa kwa mikokoteni na mahamali wanaopiga kelele za kuomba njia, na mimi nikawa najibanza ukutani nikingojea punda apite nyuma yao, mazoea ya Lamu. Wenyeji wana kivuko chao kifupi. Watalii tunapelekwa gati jingine, tunaonyesha pasipoti, tunazungushwa baharini dakika ishirini hivi kufika mahali tunapopaona kwa macho. Shangazi aliyevuka kwa feri ya Kilifi miaka kabla daraja halijafunguliwa 1991 alisema hajawahi kuombwa pasipoti kwenda Mnarani.

Kisiwani aligeuka kivutio. Wasichana walimwomba picha na buibui lake, kisha mama zao, kisha kundi zima la wastaafu wenye kofia za njano. Picha ya kwanza alitabasamu. Ya tano akaniuliza kwa nini Malindi mtalii hutozwa na huku tunatoa bure.

Nikamwacha akipigwa picha, nikapotea. Vichochoro vya kule vinapanda, vinashuka, vinarudi vilikotoka. Kwenye kona nikawakuta wazee wawili wa kizungu, mume na mke, wakigombana juu ya simu iliyogoma kuonyesha ramani, maana ramani ya Google kule haisaidii. Waligombana kwa Kiitaliano. Sasa, mimi Kichina sijui, lakini nimekulia Malindi, na Kiitaliano cha ufukweni mtoto wa Malindi hafundishwi, anakikuta. Nikawaelekeza: kushoto, kisha moja kwa moja hadi gatini. Nilikuwa nakisia, ila matamshi yalikuwa safi.

Mama akapiga ukelele. Nimejifunzia wapi? Malindi. Malindi! Mzee akanishika mkono asiuachie. Alikuwa na kiwanja Watamu. Alikinunua kwa mtu, ikatokea kwamba mtu huyo hakuwa na kiwanja, alikuwa na karatasi tu, na mwenye kiwanja naye ana ndugu saba. Kesi iko kortini. Je, nawajua mawakili wazuri Malindi? Je, hakimu amebadilishwa? Nikasimama juani, kwenye kisiwa cha China, nikitoa ushauri wa ardhi kwa Kiitaliano cha kuuzia vinyago. Shangazi alipotukuta alisikiliza, akaniuliza kiwanja kiko upande gani, kisha akatikisa kichwa: hicho hata ndugu saba wenyewe hawakijui mpaka wake.

Kabla ya Dehua tukapita Quanzhou, bandari ambayo Waarabu waliiita Zaituni. Msikiti wake wa Qingjing ulijengwa 1009, na kuta za mawe zingali zimesimama na aya zake za Kiarabu. Nje ya mji, mlimani Lingshan, kuna makaburi ya wageni wawili Waislamu wa zamani, na hapo pana jiwe lililoandikwa kwamba Zheng He, jemadari wa meli za Yongle, alifukiza ubani 1417 kuomba salama ya safari. Safari hiyo ndiyo iliyorudisha nyumbani wajumbe wa nchi nyingi, wa Malindi wakiwemo. Nilimweleza shangazi hayo yote kwa mbwembwe. Kosa lilikuwa neno "ubani". Kabla sijamaliza, fundo lishafunguliwa, kiberiti kishawaka. Mlinzi akaja mbio akionyesha kibao chenye moto uliopigwa mstari.

"Muulize," akasema shangazi, "mwenzake aliyetajwa kwenye jiwe alikatazwa?"

Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshajifunza kwa twiga.

Dehua kwenyewe hakukuhitaji mkalimani. Muuzaji aliandika bei kwenye kikokotoo. Shangazi akaifuta, akaandika yake. Muuzaji akacheka, shangazi akalia mayatima kwa Kiswahili (hana mayatima, ana watoto wanne wenye mishahara). Kikokotoo kikaenda na kurudi hadi bei ikashuka pa kupendeza, ndipo ikajulikana kuwa bei hiyo ni ya anayenunua kontena zima. Shangazi akafumba macho akapiga hesabu ya harusi zote kutoka Mtwapa hadi Marereni. "Hata tukioza wari wote na wajane," akasema hatimaye, "haitimii." Tukanunua dazeni chache za mabakuli kwenye duka la kando ya barabara, tukazifunga ndani ya nguo, na uzito uliozidi tukaulipia pesa ambayo sitaitaja kwa kuwa shangazi husoma.

Yaliyofika salama aliyapanga kabatini Malindi kwa majirani kuja kutazama. Jirani wa kwanza akalitwaa bakuli, akaligeuza, akalisoma matako, akalirudisha.

"Haya yapo kwa yule Mchina wa sokoni. Na ya kule yana kifuniko."

"Yale," shangazi akamjibu, "hayajapanda ndege."

Siku hizi kuyakodi ni shilingi kumi zaidi kwa kila bakuli.