Sifa za Sanduku la Maoni

Wilaya ya Kishapu imeshasifiwa vya kutosha kwa almasi. Ile ya waridi, karati 54.5, iliyotoka mgodi wa Mwadui mwaka 1947 ikawa zawadi ya harusi ya Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza, inasimuliwa hadi leo. Lakini nani amewahi kulisifu sanduku la maoni la kiwanda cha kuchambua pamba hapa Mhunze, ninapofanya kazi? Naomba niwe wa kwanza. Mwadui hutoa. Sanduku letu hupokea tu.

Ni la plaiwudi, limepakwa bluu na kupigiliwa misumari kando ya mlango wa utawala, mdomo wake mwembamba kama wa mtu aliyeapishwa. Nyigu wamejenga ndani, na ni walinzi bora kuliko yule wa getini, maana hawasinzii. Ukitumbukiza karatasi unasikia "vuu", kisha kimya. Kufuli ni jipya. Ufunguo anao mwenzangu wa mizani, mwenyekiti wa kamati ya ustawi wa wafanyakazi, na ndiye huyo huyo ninayemlalamikia. Basi lalamiko halihangaiki kumtafuta mhusika, linamfikia mkononi.

Naye anastahili sifa zake. Sote wawili ni makarani wa mizani, lakini nikisoma uzito mimi, yeye huagiza pamba ipimwe upya, kwa kuwa "macho ya mwanamke huongeza kilo". Magari ya vyama vya msingi yakiwa foleni, hunitazama kiunoni taratibu, halafu hutangaza kilo zangu kwa sauti ya mnadani, na wapakiaji huangua kicheko. Kabla ya kuja kwetu alikuwa machimboni Nyarugusu, Geita, na elimu ya huko hajaisahau: mwanamke akisogelea duara, yaani shimo la kuchimbia, hasa akiwa kwenye siku zake, dhahabu hukimbia. Kwa hiyo robota zikipungua kwenye hesabu, huniuliza hadharani kama niko kwenye siku zangu. Dhahabu ya Geita ina adabu ya ajabu. Mwanamke akitaka kushuka duarani inamkimbia, ila akiponda mawe yake na kuyachekecha juani kwa ujira mdogo, au akiwapikia wachimbaji wali, inatulia kabisa. Wanawake wachimbaji walioanzisha chama chao, TAWOMA, mwaka 1997, labda ya kwao waliifunga kamba.

Nilianza kwa kumweleza meneja kwa mdomo. Alinisikiliza kwa upole, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, huo ni utani tu. Andika, tumbukiza sandukuni, tutalifanyia kazi." Nikaandika, nikatumbukiza.

Utani naujua, nimelelewa nao. Babu yangu alikuwa na watani wake Wazaramo. Mtani huweza kuja msibani akamsema marehemu mpaka wafiwa wacheke, na siku msiba ukihamia kwake, kibao kinageuka. Utani una zamu. Nami siku moja nikachukua zamu yangu, nikamwambia mwenzangu mbele ya wapakiaji wale wale kwamba kilo zinazozidi ni za kitambi chake, akipima asiegemee mizani. Niliandikiwa onyo la kutumia lugha isiyofaa kazini. Barua ile haikupita sandukuni. Ilinifikia kabla ya chai ya saa nne.

Lakini fadhila ya sanduku inayoipita zote ni subira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 7, inahesabu unyanyasaji kuwa ni ubaguzi, na inamkataza mwajiri ubaguzi wa jinsia. Mgogoro kama huu, usio wa kuachishwa kazi, una siku 60 za kufikishwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukichelewa, uombe kwanza usamehewe kuchelewa. Hapo ndipo utaona ustadi wa plaiwudi: likikutunzia karatasi yako siku 61, limeshamaliza kesi bila kugombana na mtu. Na "tutalifanyia kazi" haina tarehe, kama nilivyokuja kugundua.

Karatasi yangu ilikuwa na siku 41 mle ndani, mimi bado nalipita sanduku kila asubuhi na kulitupia jicho kama mtu anayesubiri basi. Mama mmoja wa kwenye mashine, mtu mzima, karibu anastaafu, akaniona.

"Mayu, hilo sanduku la kura?"

"La maoni, mama."

"Mbona anayehesabu ni mgombea?"

Nilichukua siku moja ya likizo yangu. Basi la asubuhi, Kolandoto, kisha Shinyanga mjini, nikarudi jioni na Fomu Namba 1 ya Tume kwenye bahasha ya kaki. Niliijaza usiku ule. Tarehe zote nilikuwa nazo, maana kila alichotangaza mizanini nilikiandika nyuma ya daftari la uzito, na yeye mwenyewe alinizoesha kuandika kilo kwa usahihi. Nakala moja lazima apewe mwajiri, na asaini kwamba ameipokea.

Meneja aliisoma, akairudia. Akatafuta kalamu kwenye droo ambayo ina kalamu nyingi. Halafu akanikunjia ile karatasi vizuri, mara mbili, saizi ya mdomo wa sanduku, na kwa kidevu akanionyesha mlangoni.

"Hapana, bosi," nikaikunjua juu ya meza. "Hii inasainiwa."