Bahari ya Sebuleni na Wenyewe

Hapa kwangu Birmingham, mahali penye joto la uhakika ni ndani ya tangi la matumbawe. Nyuzi 25 usiku na mchana, Januari hadi Desemba, na mimi nimejikunyata kochini na koti langu. Maji yake lazima yachujwe, kisha kila lita itiwe gramu 35 hivi za chumvi maalumu. Pampu, hita, taa. Nagharimia matumbawe, wanaofaidi ni minyoo.

Huingia wamejificha kwenye mawe au chini ya tumbawe ulilonunua. Mchana huwaoni. Usiku zima taa, umulike kwa tochi nyekundu: kichwa cha waridi kinachungulia tunduni, mwili unafuata, vimiiba vyeupe huku na huku, mpaka unajiuliza kama unao mwisho. Anaburuta uduvi wa samaki wangu. Ukisogea, fyu! kesharudi. Ukimshika kwa mkono mtupu, vimiiba vinakukatikia ngozini, ukeshe ukivibandua kwa utepe wa gundi.

Wajuzi wanasema wengi wao ni wafagiaji tu, hula mabaki na mizoga, niwaache. Haya. Lakini mwaka 2009 huko Newquay, kwenye jumba la maonyesho ya samaki hai, matumbawe yalikuwa yakikatwakatwa na samaki wakijeruhiwa. Mawe yakabomolewa, akatolewa mnyoo wa zaidi ya mita moja. Wajuzi wananijibu kwamba huyo ni wa ukoo mwingine. Sasa nikimkuta wangu usiku nimdai kitambulisho?

Kuna na minyoo bapa, wadogo, wekundu wa kutu. Dawa yao ipo, ila wakifa kwa wingi huachia sumu inayoweza kuua samaki. Basi uwanyonye kwanza kwa mpira, ndipo utie dawa, kisha mkaa wa kuchujia na maji mapya. Hata maziko yao juu yangu.

Nikanunua samaki wa kuwala, kadogo, ka mistari sita. Jamii yake wapo hata pwani yetu ya Afrika Mashariki, mimi nimemlipia pauni. Alipozoea nyumba akasusa minyoo. Sasa kazi yake kusubiri uduvi na kuwafukuza wenzake.

Nikampigia ami yangu wa Lamu, nikamwonyesha kwa video. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mnyoo sisi twamtia ndoanani. Wewe wamlipia umeme?"

Kisha akanisogelea kwenye simu, sauti ya biashara:

"Ukija, niletee mkebe mmoja. Huku chambo kimepanda bei."