Sifa za Simu Ibebayo Ofisi

Madhali washairi wa kale walimwaga wino mwingi kuwasifu farasi, majahazi na wafalme, na baadhi ya wafalme hao hawakustahili hata robo ya wino huo, sioni kwa nini ninyimwe idhini ya kuisifu simu ya mkononi, hasa kwa ile hidima yake tukufu ya kumpokelea msafiri barua pepe popote alipo, atake asitake.

Fadhila yake kuu ni kumfunza mja subira. Masufi walikaa khalwa siku arobaini wakiitafuta. Sisi twaipata kwa nauli ya meli ya Nansio. Huondoka Mwanza, ukayaacha nyuma majabali yake yaliyobebana na minara iliyo vilimani, mara vijiti vya mtandao vikaanza kupungua kimoja kimoja, na barua uliyoitunga kwa adabu zote, yenye salamu, maelezo na shukrani, ikabaki na neno moja tu chini yake: inatumwa. Inatumwa mnapopita visiwa. Inatumwa mchuuzi anapomaliza karanga zake. Inatumwa mtoto wa jirani alipokwisha tapika akalala. Ndipo utakapowaona waungwana, mwalimu, mfanyabiashara wa dagaa na afisa mwenye kaunda suti, wamejipanga ukingoni mwa sitaha, kila mmoja ameinua mkono juu kama aombaye mvua, wala hapana amchekaye mwenziwe. Fadhila nyingine ni kwamba hupasha kiganja joto upepo ukivuma, na hukisahihisha Kiswahili chetu kwa Kiingereza bila kuombwa.

Asili yake nayo ni ya heshima. Mmarekani Ray Tomlinson, aliyetuma mwaka 1971 barua pepe ya kwanza ya mtandaoni, kutoka kompyuta moja hadi nyingine iliyokuwa ubavuni mwake, alisema baadaye kwamba hakukumbuka aliandika nini. Pengine zilikuwa herufi za safu moja ya kibodi tu. Ofisi zetu zimeudumisha mtindo huo kwa uaminifu. Lakini barua ya Tomlinson, ijapokuwa haikuwa na maana, angalau ilikuwa nyepesi.

Ile iliyonifuata mimi ziwani ilitoka katika ofisi ambayo jina lake nalisitiri. Juu iliandikwa HARAKA SANA. Ndani hamkuwa na neno, ila kiambatisho kizito kilichomeza kifurushi changu chote kabla hakijafunguka nusu. Nikanunua kingine. Kumbe ni barua iliyochapwa kwa kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikatiwa saini, ikapigwa muhuri, kisha ikaskaniwa upande upande hata ikanibidi niisome shingo imepinda: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Chini yake mistari mitatu! Mistari mitatu, jamani, ambayo karani angeweza kuiandika palepale akaenda zake kunywa chai! Nani aliwakataza? Na kabla sijaimaliza simu ikaita: "Ndugu, nimekutumia barua pepe, umeiona?"

Zamani msafiri alikuwa na pa kujificha. Ukisema "niko kwenye foleni ya kivuko Kigongo," hakuna mkubwa aliyeuliza zaidi, kwa maana foleni ile kila mtu aliijua, na saa mbili nzima zikawa mali yako. Juni 2025 likafunguliwa daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na watu wa Sengerema na Geita wakashangilia, nami pia, kwani wagonjwa sasa wanavuka kwa dakika chache; ila udhuru ule umezama, na waliofaidi daraja kuliko wote ni waandikao HARAKA SANA.

Fomu ambayo mistari ile mitatu ilinitaka niijaze niliichapisha Nansio katika duka la steshenari, nikaitia saini juu ya boneti ya gari la mtu, nikaipiga picha, na baada ya kuelekezwa na mwendesha bodaboda mahali penye mtandao wa uhakika, yaani nyuma ya mashine ya kusaga, ikaondoka. Jibu, nakiri, lilikuja upesi: "Imepokelewa. Tafadhali wasilisha nakala halisi kwa mkono, leo, kabla ya saa tisa na nusu alasiri."