Muulize Shangazi Posta: "Huduma Hii Haipatikani Nchini Kwako"

Miaka 29 nilikaa nyuma ya dirisha la posta hapa Kilwa Masoko, nikipima vifurushi na kulamba stempu. Mimi nimestaafu, ulimi umekataa. Wiki hii nimeletewa barua tano na zote zinalia kilio kimoja, kile cha yule dada wa kwenye simu: mteja hapatikani kwa sasa. Safari hii asiyepatikana ni sisi wenyewe. Miwani nimevaa, kahawa nimeagiza, tuanze na aliyeumia zaidi.

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nipo Kivinje, nachora nembo kwa kompyuta. Nimepata mteja wangu wa kwanza wa nje, yupo Darwin, Australia, anakodisha mashua. Kazi ameipenda, anataka kunilipa dola 60. Lakini kila njia anayoitaja, nikijisajili naletewa maandishi kwamba kupokea malipo hakupatikani nchini kwangu. Binamu yangu wa Nairobi anasema nimpe mteja akaunti yake. Rafiki yangu anasema niweke VPN nionekane nipo Kenya. Nifanyeje? – Fundi Asiyelipwa, Kilwa Kivinje*

Marahaba, mwanangu. Darwin? Ngoja nikuchekeshe kabla sijakupa dawa.

Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia alikuwa zamu ya rada kwenye kisiwa cha Marchinbar, jimbo hilohilo la Darwin unakotazamia dola zako. Akaokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Uholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zina maandishi ya Kiarabu asiyoyajua, akazitupia kwenye kopo, na kopo likakaa hadi 1979 alipowapelekea wataalamu. Kumbe zile tano ni za kwetu! Sarafu za masultani wa Kilwa, za kile kisiwa unachokitazama ukisimama gati la Masoko. Zilifikaje huko, wataalamu wanabishana hadi leo na mimi siwaharakishi. Ninachojua ni kwamba hela ya Kilwa ilifika Australia bila namba ya siri, bila kuthibitisha barua pepe, na bila mtu kuiuliza inatoka nchi gani. Leo mtu wa Kivinje anadai dola 60 kutoka pwani zilezile, anaambiwa jina lake halimo kwenye orodha.

Sasa isome vizuri hiyo orodha. Chukua PayPal, ambayo ndiyo wateja wa nje huitaja kwanza. Haikumkataa Mtanzania, haki yake tuiseme. Mtanzania anafungua akaunti, anaunganisha kadi yake, analipa popote duniani hadi salio liishe. Kilichofungwa, hadi naandika haya, ni kupokea. Wenzetu Wakenya tangu 2018 wanaitoa hela hiyo kwenye M-Pesa. Mlango wetu sisi una bawaba za upande mmoja: ukiusukuma kwenda nje unateleza, ukiuvuta kuja ndani umekwama. Kulipa tunapatikana, kulipwa hatupatikani. Na usidhani ni wageni tu. Tozo ya serikali ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, ulimsikia nani akiambiwa kwamba huduma ya kukatwa haipatikani kijijini kwake?

Binamu wa Nairobi simjui, huenda ni mtu mwema. Lakini nimeshika hawala za watu miaka mingi, najua hela ikipita mkononi mwa ndugu hupungua uzito. Mwezi wa kwanza atakata ya kutolea. Wa pili atakata ya usumbufu. Wa tatu mtoto wake atakuwa amelazwa, nawe utamtumia pole pamoja na hela nyingine juu.

Ya VPN ndiyo mbaya zaidi. Akaunti iliyofunguliwa kwa uongo hufungwa siku hela inapoingia, haifungwi siku moja kabla. Halafu mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka wanaotumia VPN wajitambulishe kwake. Utakuwa unacheza kombolela huku umeacha anwani.

Dawa yako ni ya kizee. Nenda benki, fungua akaunti kwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, omba na alama ya SWIFT ya benki, umpe mteja. Itachukua siku kadhaa na kila benki itakayopitiwa itamega kipande, kwa hiyo usidai dola 60. Mshawishi akuagize nembo ya boti, ya fulana na ya kofia, alipe yote kwa mkupuo, makato yale mara moja. Na mweleze habari ya zile sarafu tano. Kwa hesabu yangu Australia ndiyo inayodaiwa, tangu enzi za masultani.

*Shangazi, shikamoo. Nipo Songosongo, nanunua pweza kwa wavuvi na kumuuzia tajiri wa Dar kwa picha za WhatsApp. Mnara nauona, mtandao siuoni. Picha moja ya pweza ikianza kwenda nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, bado inazunguka. Shemeji yangu yupo Pemba ya Msumbiji, si ile ya karafuu, na paani kwake wana dishi la Starlink, intaneti ya satelaiti, anatazama mpira kama yupo uwanjani. Anasema atanitilia moja jahazini chini ya magunia ya nazi. Nikubali? – Mtazama Mbingu, Songosongo*

Marahaba. Shemeji mpe asante, magunia uyakatae. Vyombo vya mawasiliano vya namna hiyo vina sheria zake na TCRA wapo macho, lakini hata ukiwapita wao, dishi lenyewe ni shushushu: linajua liliposimama. Likisimama Songosongo litakuambia yaleyale aliyoambiwa kijana wa Kivinje, nawe utabaki na sinia la bei ghali la kuanikia dagaa.

Wivu wako lakini naufahamu. Hebu wahesabu majirani. Rwanda, Msumbiji, Malawi, Kenya na Zambia zote zilifunguliwa huduma hiyo mwaka 2023. Burundi ikafuata 2024. Kongo walioipiga marufuku wakabadili mawazo, wakatoa leseni 2025. Sisi hadi naandika haya tumebaki katikati kama kokwa ya embe. Na satelaiti zenyewe zinapita juu ya kichwa chako kila siku, kwao Ruvuma si mpaka. Zinapita zimenyamaza tu, kama basi lililojaa linavyopita Nangurukuru.

Sikuambii kwamba waya una uaminifu kuliko mbingu. Mei 2024 nilionja yote mawili. Mwanzo wa mwezi kimbunga Hidaya kilitufikia na mvua zake, barabara ya kusini ikakatika upande wa Somanga. Hatujamaliza kulalamika, tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikakatika huko kusini, mtandao wa nchi nzima ukaanza kuchechemea. Masoko tukawa tumekosa gari la Dar na habari za Dar kwa mpigo. Wajukuu zangu wakashinda barazani wanacheza bao na mimi. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne nikaulizia bei ya vitunguu.

Kinachoniuma kwa upande wako ni kingine. Gesi ya Songosongo iligunduliwa 1974, na tangu 2004 inapita kwenye bomba chini ya bahari, inaibukia Somanga, inakwenda hadi Ubungo kufua umeme. Bomba la kwenda halijawahi kusema linazunguka, subiri. Tajiri wako anakaa chini ya feni ya gesi yako, anakulaumu kwamba picha imechelewa!

Kwa sasa punguza ukubwa wa picha kabla ya kuituma, uitume saa kumi alfajiri watu wakiwa wamelala. Pweza hana haraka, alishakufa.

*Shangazi mpendwa, kaka yangu wa Muscat ameniletea kile kispika cha kuzungumza nacho. Kule kwake kinawasha taa na kusoma habari. Hapa nikikiambia "niamshe saa kumi na moja" kinanipigia muziki wa Kihindi. Mama mkwe amekataa kulala chumba kimoja nacho, anasema kina mtu. – Mke wa Watu, Lindi mjini*

Mwanangu, kispika chako hakijasoma Kiswahili, na hata kikisoma kitakuwa na mtihani wa pili: saa zetu zinaanza kuhesabiwa jua likichomoza. Ukikiamuru saa kumi na moja kwa Kiingereza kitakuamsha kabla ya adhana ya adhuhuri. Ingekuwa mimi, ningemwacha mama mkwe aendelee kuamini kina mtu. Atakuwa anapiga hodi kabla ya kuingia, na hiyo ni huduma ambayo hakuna duka la Muscat linaiuza.

*Shangazi, nanunua kitu mtandaoni. Fomu inanidai "zip". Nimeandika S.L.P., imekataa. Nimeandika 00000, imekataa. Nimeandika "hatuna", imekataa. – Aliyechoka, Nangurukuru*

"Hatuna"! Umeniliza. Postikodi tunazo, kijana, na zoezi la anwani za makazi lilipita kwenu mwaka wa sensa, 2022, mkabandikiwa na vibao. Za mkoa wa Lindi zinaanza na 65, tarakimu tano. Kata yako ina yake, kaiulize ofisi ya mtendaji. Fomu itakubali na itakushukuru.

Kisha itakuambia kwamba muuzaji hatumi Tanzania.

Hapo ndipo utakapokumbuka kwamba Jumia, wauzaji wa mtandaoni, walikuwepo nchini, wakafunga Novemba 2019 wakaondoka, na siku ileile basi la Mbagala lilifika Nangurukuru kama kawaida, na mizigo ya watu imeandikwa majina kwa kalamu ya wino mzito. Mpigie konda. Hana programu, lakini hajawahi kuniuliza zip, na ukichelewa kuchukua mzigo wako anamwachia mama wa mihogo, anaufunika na kanga yake mvua isiunyeshee. Ukubali tu kwamba ukifika utanunua na mihogo.

*Shikamoo Shangazi Posta. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita, Mtama. Mwalimu ametufundisha kwamba mjusi mkubwa ajabu wa kale alichimbwa Tendaguru, kwetu Lindi. Nimemwomba atupeleke tukamwone. Mwalimu amecheka, hakusema kwa nini. – Mpenda Wanyama*

Marahaba, mjukuu wangu. Mwalimu amecheka kwa sababu mjusi huyo hapatikani nchini kwako.

Wajerumani walimchimba kuanzia 1909 hadi 1913. Nasema Wajerumani kwa mazoea tu. Waliokuwa na majembe walikuwa babu zako, mamia yao, na msimamizi wao mkuu alikuwa mtu wa kwetu, Boheti bin Amrani. Mifupa yake pamoja na ya wenzake, zaidi ya tani 200, ilibebwa vichwani na mabegani kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi kwa miguu, ikapakiwa melini. Mwaka 1937 wakamsimamisha kwenye makumbusho Berlin, na yupo hapo mpaka leo, urefu wake kwenda juu mita 13 na ushee. Anayetaka kumwona anakata tiketi. Wewe unahitaji kwanza pasi, viza na nauli ya ndege, kisha ndiyo tiketi.

Lakini umemwandikia mtu wa posta, na mtu wa posta hakati tamaa na mzigo. Chukua karatasi safi, waandikie Berlin kwa mkono wako, barua ya rejista, uweke risiti. Waambie umesikia wanaye ndugu yetu. Wakijibu kwamba ni mkubwa mno kutumwa, waandikie tena: alipoondoka hakuondoka mzima. Alipita Lindi kipande kimoja kimoja, kila kipande na mtu wake wa kukibeba. Dirisha la Masoko ni dogo, nalifahamu, lakini mfupa mmoja mmoja unapita, na postikodi yetu inaanza na 65.