Sifa za Mheshimiwa Mvujo

Watu husifiwa kwa vyeo, kwa mali na kwa wingi wa wajukuu. Leo namsifu asiye na hata kimoja kati ya hivyo: Mvujo wa dirishani, mkazi wa zile nyumba za Marekani zinazotoka kiwandani zikiwa tayari. Wenye nyumba humlaani kila mvua inaponyesha, na wema wake hakuna anayeutaja.

Nasaba yake si ya kubeza. Tangu 15 Juni 1976, nyumba hizo hutengenezwa kwa kanuni za Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya nchi ile. Kila moja hujengwa juu ya chasisi ya chuma, na kila kipande hubandikwa kibao chekundu cha chuma kuthibitisha kwamba kimetimiza masharti. Kisha lori hukikokota kwenye barabara kuu, kikitikisika njia nzima, hadi kinapotua juu ya nguzo za bloku. Huko njiani skrubu hulegea na fremu hupinda kidogo. Miaka ikipita, nguzo moja hudidimia zaidi ya mwenzake, na ule utepe wa butili uliobanwa kati ya dirisha na ukuta hukauka na kupasuka. Hapo ndipo Mheshimiwa huzaliwa, mtoto wa kiwanda na barabara, mwenye kibao cha serikali ukutani kwake. Wangapi kati yetu tulizaliwa kwa heshima kama hiyo?

Tazama unyenyekevu wake. Mara nyingi haingilii dirishani kabisa. Huingilia kwenye ukingo wa paa, pale mkanda wa chuma unapobana bati na ukuta kwa skrubu, na gundi ya chini yake imekwisha kukauka. Kutoka hapo huteremka ndani ya ukuta bila kumsumbua mtu, akipenya kwenye sufi ya kioo na kufuata ubao wa wima, mpaka akutane na kichwa cha dirisha. Njia ikiishia hapo, hujitokeza pembeni mwa fremu, tone moja la adabu. Mwenye nyumba hulitazama na kutangaza kwamba dirisha linavuja. Ukuta umekosa, paa limekosa, dirisha ndilo linaloshtakiwa. Kwa ufundi huo wa kutenda huku na kuonekana kule, wapo viongozi wangelipa karo kwenda kusoma kwake.

Tena hapendi makuu. Siku fundi anapokuja, jua linawaka na yeye hayupo. Wala haji kwa kila mvua. Wakati mwingine husubiri ile inayosukumwa na upepo wa upande mmoja tu. Huo ni msimamo, na wenye msimamo ni wachache siku hizi.

Lakini sifa yake kuu ni kwamba hahongeki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ni ufa upi. Mwenye nyumba hukimbilia dukani, akarudi na mirija ya silikoni, akapaka kila mahali, silikoni mpya juu ya kuukuu iliyojaa vumbi, ambapo haishiki hata wiki. Akikolea kazi, huziba pia vile vitundu vidogo vya chini ya fremu, upande wa nje, ambavyo vimewekwa makusudi ili maji yanayoingia kwenye reli ya dirisha yatoke. Mheshimiwa, akifungiwa mlango wa kutokea, hagombi. Hugeuka akaingia ndani. Huilainisha jipsamu, huvimbisha sakafu ya chipubodi mpaka mguu unatitia karibu na ukuta, na nyuma ya karatasi ya ukutani huotesha kuvu. Aliyeziba ufa usio wake sasa anajenga ukuta, na sakafu juu yake.

Kama wakubwa wote, naye ana mwigaji. Asubuhi ya Januari, nje barafu na ndani hita, kioo hutiririka maji ilhali mvua haijanyesha. Huyo si Mvujo. Ni mvuke wa chungu, wa bafu na wa pumzi za waliolala, uliogusa kioo cha baridi ukageuka maji. Dawa yake ni kupunguza mvuke na kupitisha hewa, na silikoni hapo haina kazi.

Na anavyodumisha ndoa! Ukitaka kumjua anakopitia, lazima muwe wawili: mmoja nje na mpira wa maji, mwingine ndani na tochi. Maji hayaanzii juu, maana yakishuka yatalowesha kila kitu na hutajua lipi ni lipi. Huanzia chini ya dirisha, kwa mtiririko mdogo, dakika kadhaa; kisha ubavuni, kisha kichwani, kisha ukutani juu yake, na mwisho ukingoni mwa paa. “Unaona?” “Bado.” “Sasa je?” “Bado!” Wanandoa waliokuwa wakinuniana tangu Pasaka huzungumza alasiri nzima.

Basi mpeni heshima yake. Kabla ya kununua mrija mwingine, wekeni pimamaji mjue kama nyumba bado imekaa sawa, kisha pandeni ngazi mkague ukingo wa paa. Ikithibitika kwamba dirisha ndilo lenye kosa, fungueni skrubu, litoeni, kwangueni gundi yote ya zamani, bandikeni utepe mpya wa butili na kulirudisha. Na vile vitundu vya chini, tafadhalini, viacheni wazi.