Pilau Ndani ya Handaki

Chama chetu cha kuzikana kilipopanga ziara, mwenyekiti alitaka Malindi, kina mama wakataka soko la Taveta. Mwalimu mstaafu akawapatanisha: twendeni Taveta, ila kwanza tushuke Salaita tukaone uwanja wa Vita Vikuu vya Kwanza. Kina mama wakakubali upesi. Kwao Salaita ilikuwa ushuru wa kulipia ndizi.

Salaita ni kilima tu cha miiba, kando ya barabara itokayo Voi. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, wakajichimbia kilimani hapo. Tarehe 12 Februari 1916 wakatumwa askari wa Afrika Kusini kuwang'oa, wengi wao hata vumbi la nchi hii hawajalizoea. Haya yote tulielezwa kwa kipaza sauti cha dereva, kuanzia Mwatate hadi Maktau, na aliyesinzia aliulizwa swali.

Tulifika jua liko utosini. Kina mama wakatandika mikeka kwenye kibonde chenye kivuli, wakafunua sufuria ya pilau. Sisi wanaume, kwa kuwa historia ni kazi ya wanaume, tukapanda kutafuta mahandaki. Kanzu ya mwenyekiti ikabaki vipande vipande miibani. Kiatu cha katibu kikaachama, soli ikaenda zake bondeni. Juu tukapokewa na mawe na upepo.

Kijana wa Taveta aliyetuongoza alituacha tupumue kwanza. Kisha akasema mizinga ya Waingereza nayo ilipiga huku juu, ilhali Wajerumani walikuwa wamejificha kwenye mahandaki ya chini, vichakani, wengi kuliko walivyodhaniwa. Shambulio likavunjika, watu wakarudi mbio.

"Chini wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Pale, mama yule anapopakua."

"Sasa mbona hukutwambia mapema, mwanangu?"

"Mzee, nyinyi mlikuja na mwalimu."

Tuliposhuka tukakuta ukoko. Ndipo kijana akatusimulia kuwa waliowakinga Waafrika Kusini wakati wa kurudi nyuma ni kikosi cha 130 cha Mabulushi, na inasemekana waliwarudishia bombomu waliyoitupa, pamoja na barua ya kuwaomba waache kuwaita wenzao makuli. Mwenzetu mmoja, Mbulushi wa Mombasa, akasimama kupokea pongezi. Mwalimu akamwambia kikosi kile kilikuwa cha jeshi la India. Hakuketi.

Sokoni Taveta ndiko tulikoshindwa vita hasa. Kina mama walijipanga kubishana bei hadi jioni, lakini wauzaji waliovuka kutoka upande wa Holili hawabishani. Wanakupa pole ya safari. Wanauliza watoto hawajambo. Binti mmoja alimwamkia mwenyekiti "shikamoo" kwa kupiga goti kidogo. Mwenyekiti, ambaye vijana wa mtaani kwetu wameshaacha kumwamkia, akalipa bei ya kwanza, akaongeza mkungu mwingine, akauliza kama binti ana ndugu wanaouza vitunguu.

Ziwa Chala, ambalo mpaka wa Kenya na Tanzania unapita katikati ya maji yake, tuliliona kwa haraka. Simu zikanasa mtandao wa ng'ambo, salio la mweka hazina likayeyuka akiwaambia watoto kwamba yuko nchi za nje.

Kurudi, mikungu ilikaa vitini. Katibu, mwenye kiatu kimoja, alisimama hadi Voi. Taarifa ya fedha iliyosomwa mkutano uliofuata ilionyesha "historia" kwa mstari mmoja, na "ndizi" kwa ukurasa mzima wenye viambatisho.