Shangazi, Printa Yetu Ina Kiu

"Shangazi, mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu hapa Lodwar. Tumechanga shilingi 20,000 tununue printa. Mwenyekiti ameshapenda moja ya rangi, nyembamba, ya shilingi 8,000, na anasema chenji itatosha chai ya mwaka mzima. Taabu ni kwamba tuliwahi kuwa na ya aina hiyo hiyo. Tulifunga ofisi Krismasi, tukafungua Februari, nayo ikawa inatoa karatasi nyeupe kama zilivyoingia. Nimkatalie vipi mwenyekiti bila kuvunja kikundi?" – Mwenye Mkoba, Lodwar.

"Shangazi, nina saiba ndogo Kakuma, naiendesha kwa sola. Binamu yangu wa Eldoret anasema mtu mwenye akili hununua leza. Jirani aliniazima yake. Ilipoanza tu kuchapa, inveta ikalia na kompyuta zote tatu zikazima, wateja wakiwa katikati ya fomu. Je, binamu ananionea wivu?" – Aliyezimikiwa, Kakuma.

Wapendwa, nimewajibu pamoja kwa sababu mmeniletea swali moja lenye majibu mawili. Binamu hana wivu, na mwenyekiti hana nia mbaya zaidi ya kupenda chai. Wote wawili wamefanya kosa ambalo wanunuzi wengi hulifanya: wameitazama printa ikiwa kazini. Dukani tunaonyeshwa jinsi inavyotema kurasa, tunaambiwa ni ngapi kwa dakika, tunapiga makofi, tunatoa pesa. Lakini printa ya ofisi ndogo hukaa bure muda mrefu kuliko inavyofanya kazi. Kikundi cha vikapu huchapa ripoti mwisho wa mwezi, kikachapa rundo zima siku zabuni ya kaunti inapotangazwa, kisha kimya. Kwa hiyo cha kuuliza kwanza ni mashine hii inafanya nini siku ambazo haichapi, na inakula nini inapoamka. Ukiuliza hivyo ukiwa Turkana kwenu, nusu ya printa zilizo rafuni zinajiondoa zenyewe.

Chukueni ile nyembamba ya mwenyekiti. Wino wake kwa sehemu kubwa ni maji, na hupitia vitundu vyembamba kuliko unywele wa kichwa chako. Lodwar ni mji ambao kipimajoto hupita nyuzi 35 mara kwa mara na mvua ya mwaka mzima ni kidogo mno. Shati lililofuliwa saa nne huvaliwa saa tano. Maji yaliyo kwenye kitundu cha printa yana sababu gani ya kubaki? Yanapaa, rangi inabaki imeganda, na ukichapa ukurasa wa majaribio unaona ile mistari ya ngazi imekatika: kidato kipo, kidato hakipo, vitatu havipo. Mtu hubonyeza "safisha", ngazi inapona kidogo, anabonyeza tena. Asichoambiwa ni kwamba kusafisha ni kunywa. Mashine hufyonza wino kwa nguvu iupitishe kwenye vitundu, na wino huo wote huishia kwenye sifongo iliyofichwa chini ya tumbo lake. Katriji inaweza kwisha bila barua hata moja kuandikwa. Na sifongo nayo ikijaa, printa nyingi hugoma kabisa. Huyo ni ng'ombe mzuri aliyeletwa malisho yasiyo na kisima, na kosa si la ng'ombe.

Mwenyekiti atasema bei, bei. Haya, tupige hesabu. Tuseme katriji yake inauzwa shilingi 2,000 na inatoa kurasa 160. Kila ukurasa umeshakula shilingi 12 na senti 50, karatasi haijahesabiwa, ilhali kopi ya saiba ni kumi. Kikundi kitakuwa kimenunua mashine ya kujipunja kikiwa nyumbani. Tena hizo 160 ni za kiwandani, ambako idadi ya kurasa hupimwa kwa ukurasa ambao maandishi yake yamefunika takriban asilimia 5 tu. Weka nembo ya kikundi juu, jedwali la michango katikati na picha ya kikapu chini, uone kama utafika 80. Anayeuza printa kwa bei ya kutupa anajua utarudi kwake kwa wino, kama mwenye kukupa mtungi bure ilhali kisima ni chake.

Leza haioni kiu hii kwa sababu haijawahi kunywa. Tona ni unga mkavu, sehemu kubwa ni plastiki iliyosagwa. Ufundi wenyewe ulizaliwa ukavuni: tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kukodi mtaa wa Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso mpaka likapata umeme tuli, wakalimulikia mwanga kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mtaa, wakanyunyiza unga. Unga ukashika mahali penye maandishi. Wakaubandika kwenye karatasi ya nta, wakaipasha moto. Baadaye kazi hiyo ilipewa jina lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya maandishi makavu, na ndilo lililotuletea jina Xerox. Mwenye Mkoba, ukitaka hoja ya kumpelekea mwenyekiti, ni hii: nunueni leza ndogo ya rangi nyeusi peke yake. Itakula karibu mchango wote, ndiyo. Lakini ikae Krismasi mbili, unga utakuwa unga. Hakikisheni tu mmeuliza katriji iliyomo ndani ni kamili au ni ile ya kuanzia, ambayo mara nyingi huwekwa unga kidogo ili mrudi dukani upesi.

Sasa Kakuma. Kama leza ni tamu hivyo, mbona ilimzimia Aliyezimikiwa? Kwa sababu unga haushiki karatasi kwa kuombwa. Lazima uyeyushwe na roli yenye joto la karibu nyuzi 200, na kuipasha roli hiyo huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, pengine kukaribia elfu. Mashine ya fotokopi ya ufundi huo wa Carlson ilipoingia sokoni mwaka 1959, ikiitwa 914, ilikuwa na tabia ya kuunguza karatasi hadi ikabidi iuzwe pamoja na kizima-moto kidogo. Moto huo bado umo ndani ya leza ya jirani yako, umefugwa tu. Printa ya wino hutumia wati zisizozidi balbu moja ya kizamani, tena ndogo. Na wewe, tofauti na akina mama wa Lodwar, hulali. Kuna mitihani ya zamani ya wanafunzi, kuna barua, kuna picha za pasipoti, kuna mtu anayetaka cheti chake kiwe na rangi ile ile ya asili. Wino unaopita kila siku haupati nafasi ya kuganda. Kwako, basi, chagua printa ya wino, lakini iwe ya tangi, ile inayojazwa kwa chupa na kutoa maelfu ya kurasa. Katriji ndogo usiiguse. Na msidhani tangi ni zawadi ya wenye viwanda. Huko Indonesia watu walikuwa wameshachoka na katriji, wakawa wanatoboa printa na kuzifungia chupa za wino kwa mipira ya nje. Epson ikaona upepo unakoelekea, na mwaka 2010 ikaanza kuuza huko huko printa yenye tangi lake. Watu wa kawaida ndio waliotangulia, kampuni ikaipaka rangi.

Najua mtaniandikia kunipinga, kwa hiyo nianze mapema. Kuna atakayesema nimesahau mashine ya fotokopi ya mtumba, ile kubwa kama deski, inayokuja kutoka Ulaya na kuuzwa Nairobi kwa bei ya kuvutia. Sijaisahau. Kwa shule inayochapa mitihani ya darasa baada ya darasa, huenda ndiyo jibu, kwa sababu gharama ya ukurasa wake ni ndogo mno. Lakini muulize muuzaji akuonyeshe kaunta ya kurasa ndani ya mashine, usikubali kuonyeshwa jinsi ilivyong'arishwa nje. Halafu uulize fundi wake anaishi wapi. Akiwa Kitale na wewe Lodwar, ujue kati yako na yeye kuna kilomita zipatazo 300 za barabara, na ukiwa Kakuma ongeza 120 nyingine, na laga, ile mito ya msimu, zikifurika hakuna spea inayovuka. Hapo ndipo mashine ndogo inayofunguliwa kwa bisibisi moja inapoishinda kubwa inayohitaji msafara.

Mwingine atasema tona ya kujazwa upya inaharibu mashine. Wakati mwingine ni kweli: unga mbaya humwagika na kuchafua ile silinda ya ndani iitwayo ngoma. Ila tofauti ya bei ni kubwa kiasi kwamba mwenye leza ndogo anaweza kuvumilia hatari hiyo, mradi ajue kwamba chapa fulani huweka chipu ya kukataa katriji za wengine, na ajue hilo kabla ya kulipa. Na yupo wa tatu, mara nyingi kijana, atakayesema karatasi zimepitwa na wakati, huduma zote za serikali ziko mtandaoni, eCitizen. Mwanangu, nenda ukakae saiba asubuhi moja. Fomu ikijazwa mtandaoni, mara nyingi mwisho wake ni kitufe cha kupakua na agizo la kuchapisha. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka kurasa za zabuni zipewe nambari mfululizo. Mtandao umetupunguzia foleni, rimu za karatasi umetuachia.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la joto lenyewe. Vitabu vya printa nyingi, za wino na za leza, vinaweka kikomo cha nyuzi 35 au chini yake, maana yake mchana wa Lodwar ni kinyume cha masharti ya dhamana. Hakuna ununuzi unaotibu hilo. Chapeni asubuhi, mashine ikae mbali na dirisha na bati. Karatasi za rimu iliyofunguliwa hukauka, zikajaa umeme tuli, zikapita mbili mbili na kukwama. Iacheni rimu ndani ya kifuniko chake mpaka siku ya kazi. Kuna kiroli cha raba kinachovuta karatasi, kipana kama vidole viwili. Vumbi likikipaka kinang'aa na kuteleza, na wengi huamini printa imekufa. Kifuteni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, mkiwa mmezima stima. Leso ya zamani iwe kifuniko usiku. Na wenye leza Lodwar, msiichomeke kwenye UPS. Ile roli ya moto huilemea, ndiyo maana watengenezaji hukataza. Kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla kinatosha.

Imebaki rangi, ambayo ndiyo iliyomteka mwenyekiti. Vikapu vinahitaji vibandiko vya kupendeza, hapo ana haki. Mwenye Mkoba, viwekeni kwenye flashi, mpeleke saiba yenye tangi la wino na wateja wa kila siku, mchapishe mia kwa mkupuo mmoja. Kitakachosalia kwenye ule mchango ni kidogo, na mwenyekiti akikitaka kwa chai, mpe, lakini kwenye daftari kiandikwe chai, kisiandikwe wino.